Tufunge eneo au tuwatengenezee njia? Jibu kuhusu njia za umma za pikipiki na magari ya porini

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati inayosimamia eneo la umma lenye vilima na misitu. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakija na pikipiki za matope, zile za magurudumu manne na vigari vya porini vyenye usukani, na kila mmoja anapita anapotaka. Mteremko mmoja umeshakuwa korongo, majirani wanalalamikia kelele, na watembea kwa miguu wamekasirika. Nusu ya kamati inataka tupige marufuku, nusu inataka tutengeneze njia rasmi. Tukitengeneza, tuanzie wapi? Na tutahakikishaje njia mpya nazo hazigeuki makorongo?

Jibu: Marahaba, ndugu mjumbe. Msimamo wangu ni huu: tengenezeni njia, lakini ziwe chache kuliko mnavyozifikiria sasa, na marufuku iwe sehemu ya mpango huohuo. Eneo lisilo na njia rasmi ni gumu kulilinda, kwa sababu askari wenu hana cha kumwonyesha mpandaji zaidi ya kumfukuza. Atafukuzwa upande mmoja, ataingilia upande mwingine, na njia atakayoikata safari hii itakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Zikiwepo njia zilizochaguliwa vizuri, mna maneno ya kumwambia: pita hapa, na kwingine kote pamefungwa.

Marekani walikutana na mgogoro wenu mapema. Februari 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri kwamba idara za serikali kuu zinazosimamia ardhi ziainishe maeneo na njia ambako vyombo vya porini vinaruhusiwa na ambako haviruhusiwi. Vigezo vilitajwa: madhara kwa udongo, vyanzo vya maji na mimea yapunguzwe, wanyamapori wasisumbuliwe, na migongano na watumiaji wengine ipungue. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akaongeza makali: idara ikiona uharibifu mkubwa unatokea au unakaribia kutokea, ifunge sehemu hiyo mara moja. Hata hivyo, sehemu nyingi za misitu ya taifa ziliendelea na utaratibu wa kupita popote isipokuwa palipofungwa. Ilipofika 2005 ndipo Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilipotoa kanuni iliyougeuza utaratibu huo: chombo cha moto kipite tu pale palipoteuliwa na kuonyeshwa kwenye ramani. Kati ya amri ile na kanuni hii ilipita zaidi ya miaka 30, na katika muda huo njia zisizo rasmi zilizaliana kiasi kwamba kuziorodhesha tu kukawa kazi ya miaka. Ninyi msingoje hivyo.

Kwa hiyo anzeni na ramani, katapila lisubiri. Tembeeni kila ujia uliopo sasa mkiwa na simu au kifaa cha GPS, kwa miguu, na ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, maana wakati huo mtaona maji yanakopita kwa macho yenu. Andikeni unakotoka na unakokwenda, chombo gani kinaupita, unavuka vijito wapi, unapita karibu na nyumba ya nani. Halafu kaeni na wapandaji na kuwauliza wanachokifuata huko. Mmoja atasema anatafuta mlima wa kumjaribu, mwingine anataka kutembeza familia taratibu hadi penye mandhari nzuri, wa tatu anataka kona nyingi katikati ya miti. Hao hawahitaji njia moja. Msipowasikiliza mapema, mtatengeneza njia safi isiyopitwa na mtu, na zile za zamani zitaendelea kutumika ubavuni mwake.

Kutakuwa na kishawishi cha kuzihalalisha zile njia zilizopo, kwa kuwa hazigharimu kitu. Kipingeni. Ujia uliotengenezwa na magurudumu yenyewe kwa kawaida hupanda kilima moja kwa moja, kwenye mstari uleule ambao maji hushukia. Hakuna ukarabati utakaouokoa ujia wa namna hiyo. Chache zitafaa kubaki, hasa zile zinazopita kwenye mgongo wa mwamba au zinazokata kilima kwa ubavu. Nyingi ni za kufunga.

Sasa nije kwenye lile linalokunyima usingizi, makorongo. Magurudumu hulegeza udongo, lakini anayeubeba ni maji. Kanuni tunayoanzia inaitwa kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa kilima inapopita. Kilima kikishuka mita 20 kwa kila mita 100, yaani asilimia 20, njia inayokikata isizidi asilimia 10. Ikizidi hapo, maji yanayoteremka kilimani yakifika kwenye njia hayaivuki, yanageuka na kuifuata. Juu ya hilo kuna kikomo cha udongo wenyewe. Wabunifu wengi hulenga wastani usiozidi asilimia 10, na vipande vifupi vyenye mwinuko mkali huviruhusu penye mwamba au changarawe tu. Kwenye udongo wa kichanga au udongo mwepesi wenye mavumbi, hata asilimia 10 ni nyingi.

Kuna tofauti kati ya njia ya miguu na ya magari ambayo wahandisi wengi wageni wa kazi hii huisahau. Kwenye njia ya miguu unaweza kuulaza uso wa njia kidogo kuelekea bondeni ili maji yatoke kwa upande, na ukakaa hivyo kwa muda mrefu. Kwenye njia ya magurudumu yenye injini, uso huo haudumu. Tairi huchimba katikati na kusukuma udongo pembeni, na baada ya muda njia inakuwa na umbo la mfereji wenye kingo. Kwa hiyo msitegemee ulalo huo. Kinachodumu ni kuipa njia yenyewe mawimbi marefu: inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena, na penye kila bonde la wimbi kuna mahali pa wazi pa maji kutokea kwenda vichakani. Mawimbi haya yawe kila baada ya makumi machache ya mita, na yakaribiane zaidi panapokuwa pakali. Yawekwe wakati wa kuchora njia, kwa kufuata umbo la kilima. Vituta vya udongo vinavyoongezwa baadaye kwa jembe husawazishwa na matairi, na magogo yanayolazwa kukinga maji huteleza yakilowa. Mpandaji atayakwepa, na kukwepa kwake ndiko kunakoipanua njia.

Tambarare nayo inadanganya. Kamati nyingi hukimbilia ardhi bapa kwa kuogopa mmomonyoko, lakini maji yaliyosimama hayana pa kwenda. Hapo njia hushuka chini ya usawa wa ardhi inayoizunguka, inakuwa dimbwi, wapandaji wanalizunguka dimbwi, na kabla hamjatanabahi njia ya mita moja imekuwa uwanja wa matope. Mkiwa na uchaguzi, chukueni ubavu wa kilima wenye mteremko wa wastani. Ardhi bapa iachieni maegesho.

Vijito vivukwe mara chache kadiri inavyowezekana, na kwa kukata mkondo kwa pembe mraba, mahali penye mawe au mwamba. Njia ishuke kuingia kwenye kijito na ipande kutoka upande wa pili, ili siku kikifurika kisije kikaingia njiani na kuifanya mkondo wake mpya. Kabla ya kufika kijitoni, kila upande, wekeni wimbi moja la kutolea maji ya matope yamwagikie kwenye nyasi na si mtoni. Penye matumizi makubwa au samaki wa kulindwa, jengeni daraja na msihesabu hilo kuwa anasa.

Kasoro nyingine itakayowasumbua ni yale matuta madogomadogo yanayofuatana uso mzima wa njia. Huzalishwa na magurudumu yanapozunguka kwa nguvu wakati wa kuongeza mwendo na yanaposukuma udongo wakati wa kufunga breki, ndiyo maana huanzia kwenye kutoka kona na kwenye vipande virefu vilivyonyooka. Greda itayaondoa, lakini yatarudi kwa sababu kilichoyaleta bado kipo. Dawa ni kuzuia mwendo usipande na kushuka ghafla: kona zinazofuatana kwa upole, miti iliyobaki karibu na njia, jiwe lililoachwa mahali pake. Na mnapoyasawazisha, fanyeni hivyo udongo ukiwa na unyevu wa kutosha kushikana. Kazi ya greda kwenye vumbi kavu haimalizi wiki chache.

Hapo tumegusa jambo ambalo kwangu ni moyo wa ubunifu wa njia hizi. Wapandaji wengi wanapenda hisia ya mwendo kuliko mwendo wenyewe. Kwenye njia nyembamba yenye kona, kilomita 25 kwa saa zinamtosha mtu kutoka jasho na kutabasamu. Kwenye njia pana iliyonyooka atafika kilomita 70 na bado atahisi amechoshwa, na wakati huohuo ametoa kelele zaidi, vumbi zaidi, na hana muda wa kusimama mtoto akitokea mbele yake. Kwa hiyo kuipanua na kuinyoosha njia kwa nia ya usalama mara nyingi huleta hatari. Nimeona wajumbe wenye nia njema kabisa wakilisisitiza hilo, na ningeomba kamati yenu ilijadili kwa makini kabla ya kutoa maelekezo kwa mkandarasi.

Upana unaamuliwa na chombo kikubwa zaidi mnachokiruhusu, basi amueni mapema na kwa kila njia peke yake. Pikipiki ya magurudumu mawili inahitaji kiasi cha sentimita 60 za uso wa kukanyaga. Kwa pikipiki za magurudumu manne, Marekani wametumia kwa muda mrefu kikomo cha inchi 50, kama sentimita 127. Vigari vyenye usukani vya siku hizi vingi vinafika mita moja na nusu na kuzidi. Kigari kimoja kikipenya kwenye njia ya pikipiki, kimeshabadilisha aina ya njia hiyo moja kwa moja, kwa hiyo wekeni kizuizi mlangoni: nguzo mbili imara au mawe makubwa yenye nafasi inayolingana na chombo kinachoruhusiwa. Kizuizi hicho kinafanya kazi usiku na mchana bila mshahara.

Halafu fikirini kwa saa, si kwa kilomita pekee. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa humaliza mzunguko wa kilomita 10 kwa nusu saa. Amesafiri na familia, ameshusha chombo kwenye trela, ana siku nzima mbele yake. Akizunguka mara ya nne, macho yataanza kutafuta pa kuchepukia. Ndiyo maana tunachora mizunguko inayoshikana: mfupi na rahisi karibu na maegesho, unaounganishwa na mrefu na mgumu zaidi kwa nyuma. Mgeni anarudi mapema bila kuaibika, mzoefu anakwenda mbali, na wote wanatoka mlango mmoja mnaoweza kuusimamia. Njia zinazoishia ukutani, yaani za kwenda na kurudi palepale, ziwe tu zinazofika penye mandhari au mahali pa kupumzikia. Kwenye eneo dogo napendelea zile nyembamba ziwe za upande mmoja, ili watu wasigongane uso kwa uso.

Penye maegesho tengeni kiwanja kidogo chenye uzio cha kufundishia watoto na wanaoanza, mahali wazazi wanapoweza kuwaona. Msimamo wa usalama Marekani ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe pikipiki ya magurudumu manne ya saizi ya mtu mzima, na nyingi za pikipiki hizo zimeundwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo abiria wa kumbeba nyuma hapana. Kofia ngumu iwe sharti kwa wote. Haya msiyafanyie mjadala. Zile za magurudumu matatu ziliondolewa kwenye soko la nchi hiyo mwaka 1988 baada ya kujeruhi na kuua wengi, watoto wakiwemo.

Kuhusu majirani na kelele, kuna mambo mawili na yote yanapimika. La kwanza ni chombo chenyewe. Jimbo la California linaweka kikomo cha desibeli 96 kwa vyombo vilivyotengenezwa 1986 na baadaye, kikipimwa nusu mita kutoka kwenye ekzosi. Kipimo hicho kinafanyika maegeshoni kwa dakika chache, na anayezidi anarudi nyumbani kurekebisha. Mara nyingi ni mtu aliyebadilisha ekzosi ya kiwandani. Hapohapo kagueni kizuia cheche, yaani kifaa cha kwenye ekzosi kinachozuia cheche za moto zisitoke, kwa sababu moto wa msitu unaweza kumaliza mradi wote kwa mchana mmoja. La pili ni mahali pa njia. Sauti kutoka kwenye chanzo kimoja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo mita 100 za mwanzo zina faida kubwa kuliko zinazofuata. Ukanda mwembamba wa miti hupunguza kidogo sana, ingawa unaficha chombo na hilo lenyewe hutuliza watu. Kinachozuia hasa ni kilima. Pelekeni njia upande wa pili wa mgongo wa kilima, na msiweke mpando mkali mahali panapoelekea nyumba za watu, kwa kuwa hapo ndipo injini hunguruma kwa nguvu zote.

Watembea kwa miguu wapewe mlango wao na maegesho yao. Njia zikilazimika kukatana, zikatane mahali penye kuonana kwa mbali, na upande wa vyombo utanguliwe na kona mbili za kubana ili mwendo uwe umeshashuka.

Sasa fedha, ambako miradi mingi mizuri imefia. Kujenga ni tukio la mara moja na wafadhili hulipenda, lakini kutunza ni kila mwaka. Msijenge kilomita moja msiyojua nani ataitunza mwaka wa tatu. Kuna mifano miwili ya kuangalia. Tangu 1991 Marekani ina mpango wa kitaifa wa njia za burudani unaotokana na dhana kwamba kodi ya mafuta yanayochomwa nje ya barabara irudi kwenye njia: asilimia 30 kwa njia za vyombo vya moto, asilimia 30 kwa zisizo za vyombo vya moto, na 40 kwa matumizi mchanganyiko. Mfano wa pili ni mtandao wa njia wa Hatfield-McCoy katika jimbo la West Virginia. Bunge la jimbo liliunda mamlaka maalumu mwaka 1996, njia zikafunguliwa mwaka 2000, nyingi zikipita kwenye ardhi ya makampuni ya makaa ya mawe na mbao kwa makubaliano, na kila mpandaji hununua kibali. Leo mtandao huo umepita kilomita 1,600. Ninachokipenda hapo ni kwamba kuna taasisi moja yenye jina, wafanyakazi na wajibu. Kikundi cha wanaojitolea ni hazina, nanyi mnakihitaji kwa kufyeka, kupiga rangi vibao na kufanya doria ya kirafiki, maana mpandaji humsikiliza mpandaji mwenzake. Ila wanaojitolea hawawezi kuwa na jukumu la mwisho, na mtu mwenye mamlaka ya kutoza faini lazima aonekane mara kwa mara.

Kabla ya kufungua, andikeni masharti ya kufunga. Mvua ikinyesha kiasi gani njia zinafungwa, na anayeamua ni nani? Msimu gani ndege au wanyama wanazaa, na mzunguko upi unapumzishwa? Mkisubiri kuyaamua haya siku ya tope, mtayaamua mkiwa mmezungukwa na watu wenye trela waliosafiri toka mbali. Chagueni pia sehemu kumi au zaidi za kupigia picha kila msimu, palepale, kwa pembe ileile. Picha mbili za miaka miwili humaliza ubishi ambao vikao vinne havikuumaliza.

Kwa awamu ya kwanza ningejenga mzunguko mmoja mfupi, maegesho na kiwanja cha watoto, kisha ningevipitisha kwenye msimu mmoja kamili wa mvua kabla ya kuongeza chochote. Njia panda zote ziwe na vibao tangu siku ya kwanza, kwa sababu asiyeona kibao hukisia.

Na lile korongo lenu: lifungeni siku ileile mnapofungua mzunguko mpya, lisifungwe kabla, ili wapandaji wawe na pa kwenda. Kibao peke yake hakitoshi, na huenda kikawaonyesha wasiopajua. Anzeni juu kabisa, yageuzeni maji kabla hayajaingia korongoni, kisha jengeni ndani yake vizuizi vya mawe au magogo kwa ngazi ili udongo unaoshuka ukamatwe. Legezeni ardhi iliyogandamizwa, pandeni mimea ya asili ya hapohapo, na tandazeni matawi makavu juu. Kazi kubwa kabisa iwekeni mlangoni: mita zote zinazoonekana kutoka kwenye njia iliyo wazi zifunikwe kwa magogo, mawe na vichaka mpaka jicho lisione kwamba paliwahi kupitika. Huku chini zaidi, pasipoonekana, mimea itahitaji misimu kadhaa, na huko mnaweza kwenda polepole kadiri fedha zinavyoruhusu.